Mtu wa Kuulizwa

Kati ya ukuta wa msikiti na ukuta wa kanisa pana hatua ishirini na nne. Katibu amezihesabu, na asiyeamini aende akahesabu mwenyewe. Kwenye hatua hizo pana benchi la mbao, jiko la mkaa la Mama Kahawa, na kibanda cha fundi viatu ambacho ukinyoosha miguu ndani, vidole vinachungulia barabarani. Hicho ndicho kijiwe. Hapo bei ya sukari hupangwa upya kila asubuhi bila serikali kuambiwa, hapo timu iliyofungwa jana hushinda leo, na hapo mtu akipita bila kusalimia hujadiliwa mpaka adhuhuri. Wenyewe ni watatu, ukimwacha Mama Kahawa, ambaye haachiki. Kuna Redio, kinyozi, aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki na betri yake haiishi. Kuna Katibu, mstaafu wa posta, katibu wa kamati ya kanisa, wa kamati ya maji na wa kamati ya makaburi, na inasemekana hata nyumbani kwake huandika muhtasari wa chakula cha jioni. Na kuna Kimya, fundi viatu mwenyewe. Hadithi hii ni yake, ingawa yeye ndiye aliyezungumza kidogo kuliko wote.

Asubuhi hiyo Katibu alifika na bahasha ya kaki kwapani. Akakaa, akaagiza kahawa, akanywa nusu, akaiweka bahasha magotini na kuitazama. Mtu mwenye bahasha akikaa hivyo anataka kuulizwa, na Redio hakumchelewesha.

— Haya, tusomee. Kura zenu za jana.

— Haya mambo ya kamati, bwana.

— Kamati gani? Za kwetu msikitini nilizijua kabla hazijatangazwa.

— Ulizijuaje?

— Nilimnyoa aliyezihesabu.

Kura zenyewe hazikuwa za ubunge. Zilikuwa za nesi wa zahanati. Mwaka uliopita wasichana kumi na mmoja wa mtaa huu waliacha shule kwa sababu ya mimba, na nesi aliwajua wote kwa majina, maana wote waliishia kwake, na wote walikuja wakiwa wamechelewa. Alibandika matangazo ukutani, yakafunikwa na matangazo ya mpira. Aliita mkutano wa wazazi, wakaja wanne, na wawili kati yao walidhani kuna vyandarua vya bure. Ndipo akili ikamjia: Ijumaa mtaa mzima uko upande huu wa benchi, Jumapili mtaa mzima uko upande ule. Kwa nini kuwafukuza watu barabarani, na wao wenyewe hujikusanya kila wiki?

Akaenda kwa imamu, akaenda kwa mchungaji. Wazee hao walikuwa majirani kwa miaka kumi na tisa wakipungiana mikono kwa mbali. Nesi aliwakalisha pamoja pale zahanati, kwenye benchi la wajawazito, na hakuwaruhusu kuinuka mpaka walipokubaliana. Wao wangesema na wazazi kutoka kwenye mimbari, wiki moja, neno moja. Na vijana, wa kike kwa wa kiume, wangechagua kwa kura ya siri mtu mzima mmoja katika kila nyumba ya ibada. Nesi angemfundisha, kisha kijana yeyote angeweza kumwendea na swali lolote la mwili wake au la moyo wake, bila kufokewa wala kuhubiriwa. Wakamwita mtu wa kuulizwa.

— Basi sikilizeni, alisema Redio, akasimama kabisa juu ya benchi. Msikitini, kura ishirini na sita. Imamu, mbili. Mwalimu wa madrasa, nne. Mimi mwenyewe, moja, na nina hakika ni ya mwanangu wa kiume, ananidai viatu vya mpira. Na kumi na tisa, mabibi na mabwana, kumi na tisa zimemwangukia Kimya!

Kimya alikuwa amepiga sindano katikati ya soli. Sindano ikapita soli, ikapita na kidole.

— Pole, alisema Mama Kahawa.

— Asante, alisema Kimya, akakinyonya kidole.

Redio akashuka benchini akicheka, lakini Katibu hakucheka. Alikuwa anaifungua bahasha taratibu kama mtu anayefungua barua ya hospitali.

— Kanisani kura thelathini na moja, alisema. Mchungaji tatu. Mama mchungaji tano. Kiongozi wa kwaya sita. Na kumi na saba...

— Nani?

— Nimezihesabu mara tatu.

— Nani, Katibu?

— Huyo huyo.

Kijiwe kizima kikageuka kumtazama fundi viatu. Hata paka wa Mama Kahawa aligeuka, ingawa yeye pengine aliona panya.

— Lakini Kimya ni muumini wa kwetu! alisema Redio.

— Ndiyo maana nimekaa na bahasha tangu saa moja sijui niipeleke wapi.

— Waliruhusiwaje?

Katibu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alitoa karatasi moja ya kura akaisoma kwa sauti ndogo:

— "Andika jina la mtu mzima mmoja unayeweza kumuuliza." Nilisahau kuandika awe muumini wa kanisa hili.

— Ulisahau?

— Sikusahau, nilibana. Miaka thelathini nimepokea simu za maandishi posta, kila neno linalipiwa. Mpaka leo nikiandika, neno likizidi naumia. Na karatasi ya msikiti niliwaandikia mimi hiyo hiyo, imamu aliniomba.

— Kwa hiyo kanisa limechagua Mwislamu kwa sababu wewe ni bahili wa maneno.

— Penye wazee haliharibiki neno, tutalirekebisha.

— Hapa pana wazee watatu, alisema Mama Kahawa, na neno limeshaharibika kabla kahawa haijachemka mara ya pili.

Kimya aliendelea kushona. Alikuwa ameinama juu ya kiatu cha mtu, anavuta uzi, anaurudisha pale pale ulipotoka. Alidhani wamemfanyia mzaha. Watoto wa siku hizi wana mizaha yao, na mzaha ukikubaliwa na watoto thelathini na sita unakuwa mkubwa. Lakini hata mzaha ulikuwa na saa yake. Nesi alikuwa amesema atapita kabla ya adhuhuri kuchukua jibu la atakayechaguliwa. Vijana wa pande zote mbili walikwisha kumwambia jana jioni waliyemchagua, na kwamba kama si huyo, basi, hawataki mwingine, na imamu na mchungaji wakasema hawawezi kumlazimisha mtoto amwamini mtu. Kimya akikataa, mambo yote yangerudi kwenye matangazo ya ukutani. Na Kimya alikuwa ameshaamua atakataa.

— Mimi najua kwa nini wamemchagua, alisema Redio.

— Najua kwamba unajua, alisema Katibu. Wewe hujawahi kutojua.

— Hasemi! Mtoto anataka ukuta. Ukuta humsengenyi... humsengenyei... wewe, ukuta hausengenyi mtu.

— Kuta zina masikio.

— Masikio sawa. Mdomo je?

— Mimi naona ni viatu, alisema Katibu. Hakuna mtoto mtaani ambaye hajapita hapa na soli iliyoachia. Soli inasema, bwana. Soli ya mtoto aliyetoka shule moja kwa moja si sawa na soli ya aliyezungukia nyuma ya ghala. Fundi anazisoma zote. Watoto wamempa cheo ili anyamaze.

— Kumnyamazisha Kimya? aliuliza Mama Kahawa.

— Tahadhari, mama. Kinga ni bora.

— Wahenga hawakukosea, alisema Redio. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huyu kutwa kainama. Ya mvunguni yote anayo.

— Methali hiyo haina maana hiyo.

— Ina maana nyingi, wewe umeishia kwenye moja. Na kuna jambo jingine. Nesi ni mjane. Fundi ni mjane. Mafunzo ni wiki mbili, wao wawili, chumba kimoja, chai ya saa nne. Nani aliziona hizo kura zikipigwa?

— Redio!

— Nauliza tu.

— Wewe ulisema ulimnyoa aliyezihesabu.

— Nilimnyoa, ndiyo, lakini sikumchungulia kichwani.

Katibu alitikisa kichwa, lakini macho yake yalikuwa yameshapata wazo, na wazo likimwingia Katibu halitoki bila ajenda.

— Mimi naliona pana zaidi. Leo fundi viatu mmoja kwa nyumba mbili. Kesho watasema kipaza sauti kimoja. Keshokutwa choo kimoja. Mwisho tunakuwa na kamati moja, na mkishakuwa na kamati moja mnahitaji katibu mmoja. Sasa yule mwingine aende wapi?

— Kwetu hakuna katibu.

— Ndiyo maana nasema ni njama. Mnamtafuta.

— Sikilizeni ninyi, alisema Redio, akashusha sauti mpaka ikasikika ng'ambo ya barabara tu. Kuna mtu anayejua huyu Kimya alitoka wapi? Miaka ishirini hapa, hajagombana na mtu, hajapoteza kiatu cha mtu. Fundi viatu asiyepoteza kiatu! Mmewahi kuona wapi? Huyu ni wa usalama. Watoto wameshamgundua.

Mama Kahawa alicheka mpaka birika likamwagika kidogo, mkaa ukapiga kelele. Hata Katibu alicheka. Kicheko kilipopoa, Kimya akaweka sindano chini.

— Sikubali, alisema.

— Hukubali kuwa wa usalama?

— Sikubali hilo la nesi. Akija mwambieni.

Hapo inafaa msomaji ajue jambo ambalo kijiwe kilikuwa kinalijua siku zote na hakikuwahi kulitaja.

Kimya ana binti mmoja. Mama yake alifariki binti akiwa na miaka tisa, na tangu hapo nyumba ikawa ya watu wawili. Alimlea kwa alichokuwa nacho. Alimpikia, alimfunika shuka usiku, alimsuka nywele vibaya mpaka jirani akamhurumia mtoto. Mambo mengine, yale ya msichana anapokua, alijisemea kwamba shangazi yake atamwambia. Shangazi alidhani shuleni wameshamwambia. Shuleni walidhani nyumbani. Binti akafika miaka kumi na sita bila kuambiwa kitu na mtu, isipokuwa na mvulana wa jirani, ambaye naye hakuwa ameambiwa na mtu.

Binti alipomweleza baba yake kwamba ni mjamzito, Kimya alikaa siku tatu hakutamka neno. Watu baadaye walisema ilikuwa hekima. Haikuwa hekima hata chembe. Alilitafuta neno akalikosa. Aliona haya, aliogopa, alikasirika, na alimpenda mwanawe, vyote kwa mpigo, na hakujua aanze na kipi. Siku ya nne ilikuwa siku ya kliniki. Binti alisimama uani na mkoba wake, hatoki. Alikuwa anaiogopa barabara. Basi Kimya akafunga kibanda, akauchukua ule mkoba mwekundu wa kike, akautia begani kwake, wakatoka wote wawili. Walipita mbele ya msikiti, wakapita mbele ya benchi, wakapita mbele ya kanisa. Walipita hivyo kila mwezi, mpaka mtoto akazaliwa.

Sasa mjukuu ana miaka mitano na anajua kuhesabu misumari ya babu yake. Binti alirudi masomoni akamaliza, na leo yuko chuo cha ufundi anasomea umeme. Kimya anawapenda wote wawili kwa moyo wake wote. Lakini njia ile ya kliniki anaikumbuka kama adhabu, mtu aliyetembezwa mtaani kwa uzembe wake mwenyewe. Hakuna siku aliyowahi kuiona vinginevyo.

— Kwa nini hukubali? aliuliza Katibu kwa upole. Tukuandikie sababu gani?

— Mnaijua.

Katibu akatazama bahasha. Redio akatazama ukuta.

— Mnaijua miaka yote hii, alisema Kimya, na hamkunitia haya, nawashukuru. Mwanangu alikaa nami meza moja kila siku. Alihitaji neno moja kwangu, sikumpa. Leo watoto wa watu waje kuniuliza mimi? Niwaambie nini? Wanasema kinyozi hajinyoi, lakini kinyozi angalau anajua kunyoa. Mimi sijui.

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema tangu mwaka uanze. Mama Kahawa akamjazia kikombe bila kuulizwa. Redio alitaka kutia mzaha, akaanza, ukamfia mdomoni.

— Siku ile ya kwanza mlipopita, alisema Redio, mimi niligeuka nikatazama ukuta.

— Nilikuona.

— Najua uliniona. Nilijiambia nakustahi. Si kweli, ndugu yangu. Nilikosa la kusema. Mimi! Tangu siku hiyo napiga domo mara mbili zaidi ili lisinikute tena.

— Na mimi nilihesabu maganda ya karanga chini, alisema Katibu. Yalikuwa arobaini na moja.

— Ningepaswa kusimama, alisema Redio. Hata salamu tu.

— Yamepita.

— Hayajapita. Nyumbani nina binti wa miaka kumi na minne. Nikiingia chumba hiki, anahamia kile. Mama yake anasema ni umri. Mimi nasema ni umri. Bibi yake naye anasema ni umri. Sote tunautegemea huo umri umwambie, na umri hauna mdomo.

— Umwambie wewe, alisema Mama Kahawa.

— Kwa maneno gani, mama?

— Unayo mengi.

— Ninayo ya watu wengine.

Mtu alipita na toroli, akasalimia, akajibiwa kwa pamoja, akaenda zake. Kimya alimtazama rafiki yake na kumwonea huruma. Hakuwahi kumwonea Redio huruma maishani. Mtu mwenye kelele hufikiriwa hana kidonda.

Wakiwa hivyo, binti huyo wa Redio akatokea. Alikuwa ametoka upande wa kibanda cha kunyolea, anatembea haraka, kitambaa cha kichwa kimesogea upande.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Baba, yule mteja anasema umemwacha nusu kichwa. Yuko pale na shuka shingoni tangu asubuhi. Anasema kama umeacha kazi aambiwe.

Ingekuwa siku nyingine, Redio angepata hadithi ya wiki nzima hapo. Siku hiyo alisema tu, "Nakuja," na hakuinuka. Binti akashangaa. Alimtazama baba yake, akamtazama Katibu na karatasi zake, kisha akaiona ile kura iliyofunguliwa. Uso ukambadilika.

— Hizo si za siri?

— Hazina majina ya wapigaji, alisema Katibu. Ziko salama. Lakini kwa kuwa umefika, mwanangu, hebu tusaidie. Sisi wazee tumekaa hapa tangu asubuhi tunakuna vichwa. Kwa nini ni Fundi?

— Mmekaa tangu asubuhi?

— Tangu saa moja.

— Na hamjamuuliza hata mmoja wetu?

Katibu alivua miwani akaifuta tena. Redio alikohoa. Mama Kahawa akageuka upande ili asionekane anacheka.

Binti alishusha macho. Alizungusha kidole kwenye upindo wa nguo yake, akamwangalia Kimya mara moja, haraka, kama anayeomba ruhusa. Kimya hakujua ruhusa ya nini, lakini aliitikia kwa kichwa.

— Baba mkubwa alimbebea dada mkoba, alisema.

— Mkoba gani? aliuliza Katibu.

— Ule mwekundu. Nilikuwa darasa la tatu. Tulikuwa madrasa, tunachungulia dirishani, mwalimu akasema tusitazame. Tukatazama. Na wenzetu wa kanisani walikuwa wanachungulia upande wao, walikuja kufundishwa nyimbo. Watu wazima wote walikuwa wanaangalia chini. Wewe baba ulikuwa unaangalia ukuta.

Redio akaitikia.

— Baba mkubwa alikuwa anapita katikati ya barabara. Hakupita pembeni. Na mkoba begani. Dada alikuwa analia, halafu walipofika karibu na kanisa nikaona amenyamaza, anatembea tu. Mwezi uliofuata tukakaa dirishani tena kuona kama atambebea tena. Akambebea.

— Watoto wote mliona? aliuliza Mama Kahawa.

— Wote. Shuleni mtu akigombezwa nyumbani husema, laiti ningekuwa na baba wa mkoba.

Kimya alikuwa ameshika kiatu cha mtu kwa mikono yote miwili na hakujua tena ni cha nani. Miaka yote hiyo alidhani mtaa ulimwona akitembea na aibu yake. Hakujua kwamba kulikuwa na madirisha mawili yaliyojaa watoto, na kwamba watoto walikuwa wanaona kitu kingine kabisa. Machozi yakamtoka. Hakuyafuta, na hakuna aliyegeukia ukuta.

— Lakini mimi sijui la kuwajibu, mwanangu, alisema. Hayo ya mwili na nini, mimi sijui.

— Nesi anajua, baba mkubwa. Atakufundisha. Hatukukuchagua kwa kujua.

— Kwa nini basi?

— Kwa sababu mtu akija kwako na jambo baya, utatembea naye.

Akasema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza njia ya kwenda dukani. Kisha akageuka kwa baba yake. Inaonekana swali lilikuwa limemkaa siku nyingi, maana lilitoka lote bila kujikwaa.

— Baba, ingekuwa mimi, ungenibebea?

Redio alifungua mdomo. Kijiwe kilingoja. Mtu huyu aliwahi kumjibu askari, aliwahi kumjibu mkuu wa wilaya mbele ya watu, na aliwahi kulijibu tangazo la redio kana kwamba linamsikia. Sasa midomo ilimtikisika tu. Neno "ndiyo" ni jepesi, na kila mtu hapo alijua angeweza kulisema, na yeye mwenyewe alijua. Lakini binti alikuwa anamtazama machoni, na Redio kwa mara ya kwanza hakutaka kusema kitu ambacho hakuwa na hakika nacho. Katibu alizipanga upya karatasi zilizokwisha kupangwa. Mama Kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe, likatoa matone mawili na machicha.

Kimya ndiye aliyesema.

— Usimharakishe baba yako, mwanangu. Mimi ilinichukua siku tatu.

Binti akafikiri. Halafu, badala ya kurudi kwa yule mteja, akakaa. Hakuna msichana aliyewahi kukaa kwenye benchi lile. Redio alisogea akampa nafasi kubwa kuliko aliyoihitaji, kisha akasogea tena karibu.

Ndivyo nesi alivyowakuta. Alikuja na daftari mkononi, viatu vyeupe vimejaa vumbi, na alipoona Redio kanyamaza, moyo ukamlipuka.

— Jamani, kuna msiba?

— Hakuna, alisema Kimya, akapangusa uso kwa kiganja. Karibu, nesi. Kahawa imekwisha lakini kigoda kipo. Nimekubali.

— Umekubali! Alhamdulillahi, na Bwana asifiwe, maana sijui leo nimshukuru kwa upande gani. Basi Jumamosi tunaanza na vijana.

— Usianze na vijana.

— Nianze na nani?

— Na sisi. Hapa hapa. Leo.

Nesi akawatazama mmoja mmoja, akadhani kuna mzaha, akaona hakuna. Akavuta kigoda, akakaa, akafungua daftari kwenye ukurasa mtupu.

— Haya, alisema. Nani ana swali?

Redio akanyoosha mkono.